Tuma Soo Nikupee Paswadi

Wacha nikuulize kitu moja, na usinibebe ufala juu tumetoka ploti moja. Ile nganya ya Rongai uko nayo kwa BUSSID, ile imechorwa maua ya zambarau mpaka kwa rimu, ulilipa? Ama uliingia grupu ya WhatsApp, ukatulia tuli, ukangoja fala mmoja atoe soo yake, alafu paswadi ikianguka ukadaka? Nyamaza tu. Najua. Nusu ya mtaa iko hapo na wewe na hakuna mtu anainua mkono.

Kwa wale wamelelewa ndani ya geti na hawana rada: BUSSID ni Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu imetengenezwa na wasee wa Maleo huko Indonesia. Ilitoka 2017 na kuishusha ni bure. Hakuna bunduki, hakuna zombi. Wewe ni dere. Unabeba watu, unasimama steji, unapiga honi. Ukielezewa inaboo. Ukianza kucheza, saa nane usiku inakupata bado uko barabarani na betri iko asilimia nne. Lakini utamu wake uko kwa ule mlango Maleo waliacha wazi: mtu yeyote anaweza ingiza gari yake, na hiyo ndio huitwa modi. Na ukiachia Mkenya mlango wazi, anaingiza mat. So sahii kwa hizo barabara za Java, katikati ya mabango ya Kiindonesia na wasee wa pikipiki wastaarabu, kuna Buru 58 inakata kona na taa za disko. Kuna 125 ya Rongai imebeba watu kadhaa wenye hawajui Rongai ni wapi. Kuna makochi ya Mombasa ya usiku. Manze, mara ya kwanza kucheki hiyo kitu nilicheka mpaka mathee akagonga ukuta.

Hizo gari hazikumea. Kuna msee alikaa chini na Blender, ile programu ya kuunda maumbo, kwa lapi ya mtumba, ile ukiweka kwa magoti inakuchoma, akaunda bodi mstari kwa mstari, akatoboa madirisha, akapanga viti. Kuna mwingine alichora skini. Na skini si jokes. Gari yote, kushoto, kulia, boneti, nyuma, imelazwa flati kwa picha moja, na ukiteleza kidogo tu jina la nganya linasomeka fiti upande wa dere, lakini upande wa konda limegeuka nyuma mbele. Ukiona hivyo ujue ulilipia kazi ya msee alianza jana. Za wakali ziko safi. Herufi ziko sawa pande zote. Stika ya sacco iko pale stika ya sacco hukaa. Kuna mmoja nimeona amechora mpaka ule mkunjo wa bampa ya nyuma, juu hiyo mat kwa ground iliguswa na haijawahi nyooshwa.

Akimaliza, anapiga faili zipu, anafunga na paswadi, anaposti picha tatu zimejaa jina lake kila kona, na chini anaandika yale maneno: tuma soo nikupee paswadi.

Hapo ndio vita huanza. Mbogi moja inasema modi ni za bure tangu dunia iumbwe, na wewe ulianza lini kuwa duka? Mbogi ya pili inasema jasho ni jasho, peleka umaskini yako kando.

Kuna mbogi ya tatu, ya wazae, na hii tuipitie mbio. Ankoo wangu alisikia hii stori akauliza: gari si ya ukweli, barabara si ya ukweli, abiria si wa ukweli, alafu pesa ndio ya ukweli? Akacheka mpaka akamwaga chai. Sasa huyu ni msee ameweka Skiza ya gospo miaka na mikaka. Hebu piga hiyo hesabu polepole. Anayekatwa kredo ni yeye. Anayesikia ngoma ni wewe unayempigia. Yeye mwenyewe kwa simu yake hajawahi isikia hata siku moja. Ankoo amenunua skini yenye haioni, anakatwa mdogo mdogo, alafu mimi wa soo ndio nimeibiwa. Wazae, asanteni, kaeni.

Turudi kwa watu wanajielewa. Mimi niko na msimamo na nausema mapema ndio ukasirike ukiwa bado na nguvu: msee wa modi auze. Auze bila kuomba msamaha. Lakini akishaanza kuuza, kuna vitu hawezi leta tena.

Cheki nganya yenyewe, ile ya chuma. Nganya ni nini ka si modi? Unachukua chesisi ya Isuzu, unapeleka kwa fundi wa bodi, anatoa kitu wasee wa Japan hawakuwahi ota. Graff anachora. Msee wa muziki anajaza spika. Mwenye gari anamwaga mamilioni. Na hakuna siku Isuzu walikuja kusimama steji wakasema, hello, hiyo ni chesisi yetu, leteni asilimia 45 ya kila fare. Walishalipwa siku chesisi iliuzwa. Hata serikali ilijaribu kuua hizi luku. Waziri Michuki na sheria zake za 2004, mstari wa njano, kila mat ikae ka ya shule ya misheni. Iliishia wapi? Kaa barabarani dakika tano utaona.

Shikilia hiyo 45. Sikuitoa kwa hewa.

Lakini kwanza ujue modi si maneno ya watoto wa simu. Counter-Strike, ile ilikula doh yako ya lanchi kwa saiba, ilianza ka modi ya Half-Life. Wasee wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliiachilia bure 1999. Mwaka uliofuata Valve, wenye Half-Life, wakainunua na wakawapea job. Hiyo ni stori tamu, na ndio kila moda hujiambia akilala. Dota nayo ilikuwa ramani tu ya Warcraft III ya Blizzard. Ikaanzwa na msee anajiita Eul, ikashikwa na Guinsoo, ikashikwa na IceFrog, na wewe ulikuwa unaicheza bila kutoa ndururu. Alafu ganji ikanusa. Guinsoo akaingia Riot, League of Legends ikatoka 2009. IceFrog akaingia Valve, Dota 2 ikatoka 2013. Mashindano ya Dota 2 ya 2021, yale ya The International, zawadi ilipita dola milioni 40. Milioni 40! Kwa kitu kilizaliwa bure kwa gemu ya mtu mwingine. Blizzard walisimama kwa dirisha wakaangalia hiyo doh ikipita. Walipotoa Warcraft III: Reforged mwaka wa 2020, wakaweka sheria kwamba ramani yoyote unachora ndani ya gemu yao ni mali yao. Wewe unabaki na maumivu ya mgongo.

PUBG pia. Brendan Greene, msee wa Ireland, alianza na modi ya Arma 2, na hiyo modi yenyewe ilikuwa imekalia modi ingine, DayZ ya Dean Hall. Modi juu ya modi. Na hiyo DayZ, ilipotoka 2012, ilifanya watu wakimbilie kununua Arma 2, gemu ya 2009 yenye wengi walikuwa wameisahau. So msee anatengeneza kitu bure, kampuni inauza gemu, na bado kuna watu wanakuambia hakuna doh kwa modi. Doh iko. Imekuwa ikilala kwa keja zingine.

Sasa ile ngori kubwa.

Skyrim ya Bethesda ilitoka 2011 na mpaka leo inapumua juu ya modi. Wasee wamebadilisha hewa, wamebadilisha sura, wameweka nyumba, kuna mmoja alitoa madragoni akaweka Thomas, ile treni ya watoto, inapaa angani ikipiga king'ora ikikuwinda. Hiyo ni bure na ni sanaa, na usibishane na mimi. Bethesda wenyewe walisema 2023 wamevuka kopi milioni 60. Unadhani watu bado wananunua gemu ya 2011 juu ya stori yake?

Tarehe 23 Aprili 2015, Valve na Bethesda wakatangaza: kuanzia leo moda anaweza uza kazi yake kwa Steam, duka la gemu la Valve. Wasee wakashangilia. Alafu wakasoma hesabu. Kwa kila dola, Valve wanachukua asilimia 30. Bethesda, 45. Msee aliyetengeneza kitu yenyewe, 25. Na hiyo 25 huioni mpaka ifike dola 100, kumaanisha modi yako iuze dola 400 kwanza ndio uonje. Isuzu ameketi kwa kiti cha konda, anashika fare, anakurudishia shilingi.

Ilidumu siku nne. Nne! Kuna mutura imekaa kwa makaa kuliko hiyo biashara. Petishoni ya kutaka itolewe ikapita sahihi 130,000. Gabe Newell, mkubwa wa Valve, akaingia intaneti mwenyewe kujibu maswali, wakamchapa ka burukenge. Tarehe 27 wakafunga duka na kila mtu akarudishiwa doh yake.

Wengi wanakumbuka hiyo stori ka ushindi. Wateja walisimama, mabepari wakahepa, tukaendelea kula bure. Mimi naisoma tofauti kidogo. Wengi wa wale walikuwa wanapiga kelele hawakuwa wanamtetea moda. Walikuwa wanatetea mfuko wao. Ungewapea moda asilimia 90 bado wangelia. Juu msee amezoea bure, na bure ikizoeleka inaanza kuitwa haki.

Lakini, na hapa ndio nakukubalia, kulikuwa na kitu moja walikuwa nacho sawa kabisa, hata ka hawakukijua vizuri. Kati ya modi za kwanza kabisa kuuzwa, kulikuwa na moja ya kuvua samaki, Art of the Catch. Ya msee anajulikana ka Chesko, mkali wa kazi, hakuna mtu alikuwa anamdharau. Modi ilikuwa safi. Shida ni kwamba ndani yake, ile miondoko ya kuvua ilikuwa imetegemea kazi ya msee mwingine, Fore, mwenye alikuwa ameachilia kitu yake bure kwa wote. Moto ukawaka, Chesko akaiondoa. Kwa macho ya watu akawa mwizi, na ni msee alikuwa ametumia miaka akifanyia hao hao watu kazi bila malipo. Hiyo iliniuma, sitakudanganya.

Modi moja hukalia ingine, hiyo nayo inakalia ya tatu, na chini kabisa kuna msee analala saa kumi na moja akirekebisha kitu yenye hakuna mtu anaona. Wakati yote ni bure hakuna mtu anauliza nani alimbeba nani. Siku bei inaingia, kila mtu anatoa rula. Baadhi ya wasee walianza kuficha modi zao za bure, juu waliogopa mtu atazidaka azitie bei. Siku nne tu na jirani ameanza kufunga choo cha ploti na kufuli.

So ukiniambia "modi zisiuzwe juu zitaua ujirani," nakusikia. Siko na jibu la ujanja. Niko na hili tu: ile chini kabisa, ile vifaa kila mtu anakalia, ibaki wazi. Ile ya juu, nganya yenyewe imeisha na taa zimewaka, iuzwe.

Bethesda hawakuchoka, by the way. Hawa wasee wana historia. Mwaka wa 2006, kwa gemu yao Oblivion, waliuza nguo ya farasi kwa dola mbili na nusu. Nguo. Ya farasi. Farasi hata haikuwa inasikia baridi. Watu wakacheka dunia nzima, na bado ikauza, na kila kitu ya kijinga umewahi lipia ndani ya gemu, zile madensi za Fortnite, zile bunduki za dhahabu zinapiga sawa tu na za chuma, babu yake ni ile nguo ya farasi. Kwa bei ya leo ni soo tatu na kitu. Unaweza valisha farasi ama unaweza kula chapo madondo wiki nzima. Chagua.

2017 wakarudi na Creation Club, ambapo wanachagua wasee wao na kuwalipa. Desemba 2023 wakafungulia Skyrim soko lingine ambapo moda aliyepita mlango anauza mwenyewe. Safari hii hakuna mtu alichoma tairi. Watu walikuwa wamechoka. Vita ya kanuni iliisha kimya hivyo, bila sherehe, na waliobaki wanapigania bei. Juni 2024 kwa gemu yao ingine, Starfield, wakaweka misheni moja kwa dola 7, na hiyo hawakutengenezewa na moda yeyote, ni wao wenyewe. Thao kasoro kidogo kwa misheni moja! Hapo wasee wakawaka tena, na hapo niko na wao mia kwa mia. Ukiuza thao ya stori moja, iwe inanipikia.

Sasa usiniambie wanyonge huwa hawakosei. Starfield hiyo hiyo ilitoka Septemba 2023 bila DLSS, ile teknolojia ya Nvidia ya kufanya gemu iteleze kwa mashini inalia. Msee anaitwa PureDark akaileta faster. Shujaa. Lakini ile tamu zaidi akaifungia Patreon, pale unalipa kila mwezi, na akaitia kufuli ya kuzuia wasiolipa. Wezi wakaivunja chap chap. Msee akapandwa, akasema ataficha mitego ndani ya modi zake za mbele. Mitego! Kwa kompyuta ya mtu! Kando kulikuwa na msee mwingine alishatoa ya bure, na Novemba Bethesda wenyewe wakaiweka kwa apdeti. Sasa unaanza kuona shida ya kufuli. Anayeumia ni yule alilipa. Mwizi ashapita dirishani kitambo, yule mpole wa soo yake ndio anahangaika na paswadi iko na herufi kubwa, sifuri inakaa O, na faili inakataa kufunguka kwa simu yake.

Kuna njia hainiudhi. The Sims. Wale wasee wa kutengenezea wanasesere manguo, nywele, sofa. EA, wenye hiyo gemu, walijaribu kuwaletea mambo 2022, hakuna kufungia vitu nyuma ya malipo, watu wakalia, EA wakalegeza: unaweza uza kuingia mapema, lakini muda ukipita kitu iwe ya wote bure. Hiyo naipigia saluti. Mwenye haraka alipe. Mwenye kusota angoje. Hakuna paswadi, hakuna mitego, hakuna kulia kwa grupu. Na ikifika zamu ya wasotaji, moda ashakula na ako kwa kitu ingine. Nexus Mods, ile tovuti ya kushusha modi, nao tangu 2018 wanapea wasee pointi za kubadilisha na doh kulingana na vile modi yao imeshushwa, so mtumiaji halipi lakini moda hafi njaa. Hiyo pia iko sawa. Chenye hakiko sawa ni hii ya "changia ukipenda". Buda, huku? Huku watu hutuma emoji ya moto. Mia tatu za moto chini ya posti moja. Emoji ya moto hainunui tokeni za stima.

Na kuna aibu moja lazima niiseme hadharani. Kuna msee kwa grupu yetu, hatutaji, anajijua. Ndula thao nne. Simu ina kamera ngapi sijui nyuma, inakaa jiko la gesi. Ijumaa alikuwa anaposti kuku. Jumamosi, skini ya soo imetoka, huyo kwa inbox ya kila mtu: "boss, iko ya bure?" Boss! Umeita msee boss na unataka kumnyima lanchi. Ukisota kihalali, sema, utatumiwa, mtaa unajua kusota. Lakini usivae mshahara wa mtu alafu ulie soo.

Haya, wauzaji, mnacheka sana. Zamu yenu.

Kwanza wale wa PPSSPP, ile ya kucheza gemu za PSP kwa simu. Mnawajua. Chota ile PES ya PSP ya kitambo, ya 2014, yenye wasee mahali wameipiga jezi mpya, wachezaji wapya, na sauti ya mtangazaji wa mpira Peter Drury akilia ka ametoka harusini. Kazi kubwa, na nyingi imetoka nje huko. Alafu huku anatokea mjuaji, anabadilisha picha ya mwanzo, anaandika jina lake na herufi za dhahabu, anauza finje. Umetengeneza nini, mkuu? Umetengeneza picha ya mwanzo. Huyo hata simwekei kwa huu mjadala. Huyo ni konda wa mat yenye haijulikani ni ya nani, anashusha watu katikati ya rodi karao akionekana.

Pili, wakali wa skini, na hapa najua nitatolewa grupu mbili ama tatu. Skini ikivuja mnawaka. "Wezi! Jasho yangu! Sitoi ingine!" Sawa. Lakini ile graff kwa ubavu wa hiyo nganya, nani alichora? Wewe ulisimama tao steji na simu, ukapiga picha kushoto, kulia, nyuma, ukarudi kejani ukaifuatisha. Aliyeitoa kwa kichwa ni msee wa rangi, alilala garage usiku tatu akivuta harufu ya spray, akalipwa na mwenye gari mara moja, basi. Soo zako ishirini za skini hazijawahi mfikia. Hata jina lake hukuweka kwa posti. Umeweka lako, mara kumi na mbili, mpaka kwa tairi. Fore wa Rongai ni huyo, na hajui hata anaibiwa huko Java.

Ninajua utaniambia nini. Utasema na yeye alichora uso wa Tupac, na Tupac hakutumiwa kitu. Poa. Ukifuata hiyo kamba utafika mbali, na kila mtu njiani ana mkono umenyooshwa. Siombi ufike mwisho. Naomba ufike kwa mtu wa kwanza tu, yule uko na namba yake, ama makanga wa hiyo mat ako nayo. Mwambie nauza hii, hii ni yako, kwa kila soo shika mbao. Mbao! Hiyo ni smokie chini ya moja siku hizi. Na uweke jina lake kwa posti. Ukifanya hivyo, siku ikivuja nitakuja kulia na wewe, nitaleta leso.

Tatu, na hii nayo inaniboo mpaka kwa mifupa. Ukishika soo yangu, umekuwa duka. Maleo wakitoa vasheni mpya na gari yako ianze kukataa, usinipige bluu tiki. Wakati ilikuwa bure ningenyamaza, ningesema msee ako bize, ana maisha. Sasa umelipwa. Rekebisha ama urudishe. Kuna msee aliniuzia kochi ya usiku, gari kali, siti zimepangwa mbili kwa moja, mpaka pazia. Apdeti ikaingia, kochi ikaanza kukataa kupakia, skrini nyeusi, nikamwandikia kwa heshima zote. Akaniambia ninunue vasheni mpya. Soo ingine! Huyo anaweza pata job Bethesda bila interviu.

Bei zenyewe, ju najua umeteremka mpaka hapa ukitafuta bei: skini peke yake finje, ikiwa kali soo. Modi nzima, bodi na skini na taa na honi yake, soo mpaka soo mbili. Ukiona punch, huyo msee anajenga ocha na anatumia mfuko wako. Na ukiona inauzwa na mtu hana hata picha moja ya kazi yake ikiwa nusu, ile ya Blender bado haijapakwa rangi, hiyo ni ya kuokota.

Mimi nangoja kitu moja tu. Siku msee wa graff mwenyewe, yule wa spray, atashika lapi, afungue grupu yake, auze nganya zake yeye mwenyewe kutoka kwa ukuta wa garage mpaka kwa simu yangu. Hapo natoa soo mbili palepale bila kuitisha diskaunti. Tatu zii. Tatu ni nguo ya farasi.